Siku Niliyofika kwa Wakwe Kinyumenyume

Haya, nakubali mbele yenu nyote kwamba niliwahi kumkalia mama mkwe. Nimesema. Wanaotaka kucheka wacheke sasa wamalize, kwa sababu naisimulia hii mara moja tu, na naisimulia kwa sababu ile inayozunguka kwenye kila harusi na kila matanga ni ya shemeji yangu Kamau, na ya Kamau ina uongo ndani yake, ati nilianguka. Mimi sikuanguka. Aibu yote mnipe, nitaibeba, lakini kuanguka sikuanguka, na nitaeleza.

Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, mtu wa Bungoma aliyehamishiwa Nyeri nikiwa bado mtoto, na tukakulia kwenye nyumba za askari huko upande wa Chaka, majirani wakitucheka kwa kula ugali kila siku na sisi tukiwacheka kwa kutia viazi kwenye kila kitu. Nilipomaliza fomu foo sikupata chochote cha maana, nikaingia upagazi wa mlimani, yaani kuwabebea wageni mizigo hadi juu kwenye barafu na kuirudisha chini. Sasa wale mnaojua kazi hiyo mnajua kwamba safari ikiisha, mteja huacha vitu: viatu, jaketi, tochi, hata soksi (soksi za mlimani si mchezo, nyinyi mnaocheka hamjawahi kupigwa na baridi ile). Mimi mwaka huo nilikuwa na mteja mmoja, Mjerumani mrefu mwenye jaketi la bluu, na jaketi lile nilikuwa nimeshajipa kichwani mwangu tangu siku tuliyoanza kupanda. Siku ya kuagana jaketi akampa mpishi. Mpishi, ambaye hakubeba hata kijiko. Mimi nikapewa mbao mbili.

Si mbao za kujengea, ni zile za kuteleza kwenye theluji, lakini fupi, fupi kweli, hazizidi mkono wangu, na zimepinda juu mbele na nyuma kwa hiyo zenyewe hazijui mbele ni wapi. Unabana kiatu chako cha mlimani hapo katikati, huna fimbo mkononi, unaenda. Mjerumani alikuwa amezibeba (samahani, mimi ndiye nilizibeba) ili acheze kwenye kile kipande cha barafu kule juu, na jioni akinionea huruma alikuwa akinifundisha. Kuteleza mbele nilishika haraka. Akanionyesha kuruka kijituta kidogo, ugeuke hewani, utue ukienda kinyumenyume. Siri yake ni kwamba hugeuzi miguu. Unageuza kichwa, mabega yanafuata kichwa, kiuno kinafuata mabega, na miguu inakuja yenyewe baadaye, na ukishatua, magoti yakiwa yamelegea, unatazama nyuma juu ya bega lako, kwa sababu sasa nyuma ndiyo mbele. Hilo la bega alilirudia hadi nikachoka nalo.

Nilipofika Chaka nikaona vitu vya bure haviachwi vilale. Kulikuwa na kiwanda cha mbao kilichokuwa kimefungwa, na nyuma yake lundo la unga wa mbao kubwa kuliko nyumba, na kwa vile ile mvua kubwa ya mwisho wa miaka ya tisini ilikuwa haitaki kukatika, lundo lilikuwa limelowa likashikana, likawa linateleza ajabu. Nikapanga mabanzi nikatengeneza kijituta changu. Niliumia kila mahali. Nilitua kwa ubavu, nilitua kwa mgongo, nilikula unga wa mbao, askari wenzake baba wakawa wanakuja na chai zao kutazama, na baba mwenyewe akaacha kupita upande ule. Lakini nikajifunza. Nikagundua hata dawa ya kuzitelezesha, mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka ng'ombe kwenye chuchu, na mafuta hayo ndiyo yaliyonikutanisha na Wairimu, kwa sababu alikuwa akiuza dawa za mifugo hapo Chaka kwenye duka la shangazi yake, na akashangaa mtoto wa askari asiye na ng'ombe anamaliza kopo baada ya kopo.

Nafupisha: tukapendana. Kwao ni Kangari, kule kwenye majani chai, baba yake alishafariki, na mwenye usemi wa ukoo alikuwa mzee Ndung'u, kaka mkubwa wa marehemu. Mzee Ndung'u hakunitaka. Alisema watu wa kutoka mbali huoa msichana wakamhamisha na hata kaburi lake hamlioni, na tayari alikuwa na mtu wake, mfanyabiashara wa nyanya wa Kagio mwenye lori. Mama yake Wairimu alikuwa hajasema ndiyo wala la. Kwa hiyo siku tuliyoalikwa kwenda kujitambulisha, Wairimu aliniambia waziwazi kwamba wakikataa leo wamekataa, hakutakuwa na kurudi mara ya pili, nivae vizuri, niongee kidogo, nisilete maneno. Na mimi nikaitikia. Nilikuwa nampenda huyo msichana hadi nilikuwa silali.

Sasa Kamau, ndugu yake, alishanitembelea Chaka akaniona nikiruka, na akaenda kutangaza Kangari nzima, na akanitumia salamu nibebe zile mbao vijana waone. Na mimi nikazibeba. Hapo ndipo mkasa ulipozaliwa, ndani ya begi, chini ya blanketi jipya tulilokuwa tukimpelekea mama. Nilijiambia sitazitoa. Nilijiambia ni za kuonyesha tu.

Tulipofika, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikaacha. Boma lao liko chini kabisa ya mteremko, na mteremko wenyewe, katikati ya majani chai upande huu na upande huu, una njia pana ya nyasi ambayo wachumaji hupita na vikapu wakipandisha majani kwenye kituo kilichoko barabarani. Ile nyasi ilikuwa imelowa inang'aa. Na katikati yake, nisikilizeni vizuri, kulikuwa na tuta la kuzuia udongo usichukuliwe na maji, limekaa pale kana kwamba Mjerumani ndiye alilipima. Nililiona tukiteremka. Nikaangalia kando.

Wazee wakakaa uani chini ya turubai, baba yangu kwenye suti yake ya Kaunda, mzee Ndung'u mkabala naye na fimbo yake. Wakawa wanaongea Kiswahili kwa ajili yetu, pole pole, kila mmoja akipima neno. Mwoaji hana kazi hapo, anaambiwa akae na vijana. Mama yake Wairimu naye hakuwa turubaini, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jikoni akichagua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, nguo safi, kitambaa cheupe kichwani, akijifanya hasikilizi na huku akisikia kila kitu. Mimi nikasalimia kutoka mbali, macho chini. Kwetu Bungoma mama mkwe humpi mkono, huketi naye meza moja, ukimwona anakuja njiani unaiacha njia. Baba alikuwa amenikumbusha hilo tangu Chaka hadi Kangari, na kumbe hata wao wana heshima hiyohiyo, wameilegeza kidogo tu.

Basi Kamau akaanza. Ati vijana wamengojea. Ati wanasema yeye ni mwongo. Ati mara moja tu, juu kabisa, wazee hawataona, turubai imewaziba. "Ama uliogopa?" akaniuliza mbele ya wenzake, "ama hiyo kitu unajua kwa maranda peke yake?"

Ningekuwa na akili ningesema ndiyo, naogopa. Lakini Wairimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika ya chai, akanitazama, na mimi nikausoma ule mtazamo vibaya (alikuwa akiniambia nisithubutu, ameniambia tangu hapo mara nyingi), nikaona ni wa kunitia moyo. Tukapanda. Nikapaka mafuta. Nikabana viatu. Suruali yangu ilikuwa ile ya kitambaa yenye mikunjo mipana ya wakati huo, ikawa inapepea kama bendera ya chifu.

Na sasa naomba kila mtu anyamaze hapa, kwa sababu hapa ndipo Kamau huruka. Niliteremka vizuri. Nilifika kwenye tuta magoti yakiwa yamekunjwa. Nikageuza kichwa, mabega yakafuata, kiuno kikafuata, miguu ikaja yenyewe, dunia ikazunguka ikawa nyuma, na nikatua. Nilitua kwa miguu miwili, sawasawa, kinyumenyume, bila hata kugusa nyasi kwa kidole. Vijana juu wakapiga kelele. Ilikuwa ndiyo safi kuliko zote nilizowahi kuruka maishani mwangu.

Kosa langu ni kwamba badala ya kutazama juu ya bega niliwatazama wale vijana. Walikuwa wakinipigia makofi. Nikawainulia mkono.

Nilipogeuza shingo, njia ya nyasi ilikuwa imekwisha na boma limeanza. Kusimama sikuweza, maana mtu anayeenda kinyumenyume kwenye mafuta ya kukamulia hana breki. Nikapita kando ya zizi, ng'ombe akaruka, nikakata kamba ya turubai kwa mgongo (nusu ya turubai ikawalalia wazee, na maji ya mvua yote yaliyokuwa yamekusanyika juu yake yakamwagikia suti ya Kaunda), kuku wakatawanyika, na nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke ikisema "ui". Kisha nikaketi. Niliketi mahali laini, penye joto, na chini yangu kukasikika mlio wa ungo ukivunjika, na njahi zikaruka zikanipita masikioni.

Nikatazama mikono iliyokuwa imenishika mabegani. Ilikuwa na pete ya ndoa.

Mimi nikaruka nikasimama, nikiwa bado nimevaa zile mbao, na hapo, wenzangu, mdomo wangu ukaanza kazi yake. Nikaeleza. Nikawaeleza wazee waliokuwa wakijitoa kwenye turubai kwamba sikuanguka, kwamba nilitua, kwamba mtu yeyote anaweza kumwuliza Kamau, kwamba hiyo ni ngumu sana kufanya na hata Ulaya ni wachache, kwamba shida ilikuwa ni upande wa kusimama tu. Nyuma yangu mama akaokota kitambaa chake, akaingia jikoni, akafunga mlango. Baba yangu, suti ikichuruzika maji, alikuwa ameugeukia ukuta. Mtu aliyekamata wezi wa mifugo miaka yote hiyo alikuwa anatazama ukuta wa udongo asiweze kuinua uso.

Mzee Ndung'u akafuta ndevu. Kisha akasema, na naapa alikuwa anafurahi, "Huku kwetu mtu anakaa kwa paja ya mama saa ile amezaliwa. Hata yule tunachukua kutoka kwa watu wengine, akitaka kuwa wetu, anawekwa hapo kwa mama. Sasa huyu kijana ameshazaliwa hapa. Mimi namkaribisha. Lakini mnaona, Wairimu sasa ni dada yake. Na mtu haoi dada yake."

Mnasikia? Nimekwenda kuomba mke nimepewa mama. Nilifikiri ni mzaha, nikacheka kidogo, lakini wale wazee wengine walikuwa wakitikisa vichwa polepole kama watu waliosikia jambo la busara, na mmoja akauliza nitapewa jina gani. Baba akageuka kutoka ukutani akasema mtoto wake ameshazaliwa, alizaliwa Bungoma hospitalini na vyeti vipo, na hakuna mtu wa kumzaa tena. Mzee Ndung'u akajibu kwamba vyeti havishindi paja. Baba akasema basi kama ni hivyo twende nyumbani. Akaanza kutafuta kofia yake. Wairimu alikuwa amesogea nje kwenye kona ya jikoni, bado na ile birika, hajaiweka chini, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nimesimama katikati ya uwanja na mbao miguuni siwezi hata kupiga hatua bila kuteleza. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo sijawahi kuwa nayo tena. Unafanya kitu kigumu kabisa, unakifanya vizuri, halafu unafukuziwa mke kwa sababu ya mahali ulipoketi.

Ndipo dirisha la jikoni likafunguka, lile dogo la mbao, na mama akatoa sauti tu, uso hatukuuona.

"Mzee," akasema, "mimi ndio nimezaa hapa, wewe hukuwa. Watoto yangu wote walitoka na kichwa. Huyo amekuja na makalio, na amevaa mbao. Huyo si mtoto yangu. Huyo ni mgeni amekuja kuuliza msichana. Mjibuni."

Bibi mmoja mzee aliyekuwa karibu na zizi akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mti, na kicheko kikapita kwa wanawake wote kikafika chini ya turubai. Hata yule aliyekuwa akinitafutia jina alicheka. Mzee Ndung'u alijaribu kusema neno, akaona hakuna anayemtazama. Mama mwenye nyumba alikuwa amesema, na kwa watu wote wale ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia upande wake. Wakaketi tena. Turubai ikainuliwa. Chai ikamiminwa. Kabla jua halijafika kwenye kilima walikuwa wamekubaliana kwamba tunaweza kurudi na mambo ya mahari yaanze, na yule wa nyanya wa Kagio hakutajwa tena.

Mngefikiri ningetulia. Wairimu alitusindikiza hadi barabarani, baba akiwa mbele peke yake, viatu vinalia maji, na njia nzima mimi nalalamika. Tulipopita kituo cha majani chai, Kamau alikuwa tayari amezungukwa na watu akieleza vile niliangushwa na tuta, na hapo nikapanda moto kabisa. Nikamwambia Wairimu kwamba nimeonewa. Kwamba watu wa Kangari hawajui kutofautisha kutua na kuanguka. Kwamba hata yeye hajaniambia hongera.

Akasimama.

"Mama yangu anatembea akishika ukuta," akasema. "Hapo kwa kiuno hawezi kuguswa. Na amekuongelea mbele ya watu wote, na hajawahi kuongea mbele ya mzee Ndung'u tangu baba akufe. Wewe umesema nimetua, nimetua, mpaka saa hii. Pole hujasema."

Ni kweli. Katika maneno yote niliyomwaga uani siku ile, kuhusu magoti, kuhusu mabega, kuhusu Ulaya, hakukuwa na pole hata moja.

Nikarudi. Begi na mbao nikamwachia yeye pale barabarani, nikateremka ile njia ya nyasi kwa miguu, polepole, nikishikashika majani chai, na wachumaji waliokuwa wakipandisha vikapu vyao wakasimama wanitazame. Uani hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja akiokota njahi matopeni moja moja. Kwenda mlangoni siwezi, ni mama mkwe. Kuita siwezi. Nikasimama upande wa nje wa ukuta wa jikoni, nikiutazama ule ukuta kama baba alivyoutazama, nikasema, "Mama, pole. Nimekuumiza. Nilipaswa kusema hilo kwanza."

Ndani nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Nikafikiri hakunisikia na itabidi niseme tena kwa sauti kubwa zaidi, boma zima lisikie.

"Nimesikia," akasema. "Sasa enda, babako amelowa."

Tulioana, mnajua, mmekula kwangu. Kutua kinyumenyume sijarudia na sitarudia, hata mnipe mlima mzima wa theluji. Lakini si hicho nilichoapia. Nilichoapia ni kwamba nikimgonga mtu, hata kama kwa haki kabisa yeye ndiye amenigonga, pole inatoka kwanza, na maelezo, ambayo ninayo mengi na ni ya kweli, yanangoja nje.